Sauti ya Mgonjwa Iliyobaki Katika Kanda za Video

Mgonjwa wa saratani ya zoloto, yaani kile kisanduku cha sauti kilicho kooni, mara nyingi hufika hospitali sauti yake ikiwa imekwisha kuharibika. Sauti ya kukwaruza ni dalili ya mapema ya ugonjwa huu unapoanzia kwenye nyuzi za sauti, na yeyote ambaye sauti yake imekwaruza kwa zaidi ya wiki 3 anapaswa kuchunguzwa koo na mtaalamu. Wengi huanza na asali na tangawizi, kisha dawa ya kikohozi, na miezi hupita. Siku anapoelezwa kwamba zoloto lote litaondolewa, ushauri wa kumrekodi kabla ya upasuaji huwa umekuja kwa kuchelewa. Kitakachorekodiwa ni sauti ya ugonjwa, si yake.

Baada ya upasuaji huo, pumzi hupita katika tundu la shingoni wala haifiki tena kinywani. Mgonjwa aweza kufundishwa kusema kwa msaada wa vali ndogo inayowekwa kati ya koo la hewa na umio, au kwa kifaa cha betri kinachotetemesha shingo, au kwa kumeza hewa na kuitoa. Njia hizi humrudishia maneno. Hazimrudishii ile sauti ambayo wajukuu huitambua kabla hawajamwona.

Sauti hiyo, hata hivyo, huenda bado ipo mahali. Roger Ebert, mhakiki wa filamu wa Marekani, alipoteza uwezo wa kusema mwaka 2006 kutokana na matatizo yaliyofuata upasuaji wa saratani. Hakuwa amejirekodi kwa kuitazamia siku hiyo, lakini miaka ya nyuma alikuwa amesoma maelezo marefu ya filamu kwa ajili ya DVD. Kampuni ya CereProc ya Edinburgh iliyachukua maelezo hayo ikamtengenezea sauti ya kompyuta iliyofanana na yake, naye akaionyesha katika kipindi cha Oprah Winfrey mwezi Machi 2010. Wagonjwa wa Afrika Mashariki wengi si watangazaji. Walichonacho ni kanda za harusi, za ubarikio, za maulidi na za mahafali.

Kanda ndogo za kidijitali ziitwazo MiniDV ziliingia sokoni mwaka 1995, na kwa muda wa zaidi ya miaka kumi zilikuwa chombo cha kawaida cha wapiga picha za video. Jambo moja linazifanya ziwe na thamani kubwa kwa kazi hii: hazikuibana sauti. Kamera ilichukua sampuli 48,000 za sauti kwa sekunde, au 32,000 ikiwa imewekwa katika hali ya njia nne, na viwango vyote viwili vinatosha kabisa kwa usemi wa binadamu. Ndiyo maana familia isiridhike haraka na DVD iliyokabidhiwa baada ya sherehe. Katika DVD hiyo fundi mara nyingi ameweka muziki juu ya maneno ya baba wa bibi harusi. Kanda ya asili, kama haikurekodiwa tena juu yake, ina maneno yenyewe. Na ikiwa muziki uliongezwa kwenye kanda ya njia nne, sauti ya siku ile hubaki katika jozi ya kwanza ya njia hizo, na hiyo ndiyo ya kutafutwa.

Kanda iliyokaa miaka ishirini Tanga, Mombasa au Dar es Salaam imekunywa unyevu. Ikionekana kuvu nyeupe ukingoni mwa ukanda, isitiwe kwenye kamera, kwa sababu kuvu huhamia kwenye vichwa vya kusomea na kuziharibu kanda zinazofuata. Iliyo safi isogezwe mbele mpaka mwisho na kurudishwa mara moja kabla ya kuchezwa, na kile kitelezeshi kidogo kilicho mgongoni kiwekwe upande wa SAVE ili isifutwe kwa bahati mbaya.

Njia bora ya kuipeleka kwenye kompyuta ni waya wa FireWire, unaochomekwa kwenye tundu la kamera lililoandikwa DV au i.LINK. Kompyuta mpya hazina tundu hilo. Ya zamani iliyosahauliwa stoo yaweza kuwa na manufaa kuliko ya mwaka huu. Kanda ya dakika 60 huchukua dakika 60, haiharakishwi. Picha na sauti huingia pamoja, zikajaza takribani gigabaiti 13 kwa saa, kisha programu ya bure kama FFmpeg au VirtualDub huitoa sauti peke yake katika faili la WAV lisilofika gigabaiti moja. Sauti ikitoka nyembamba na ya mbio kama ya katuni, kanda haijaharibika. Kompyuta imesoma sampuli 32,000 kana kwamba ni 48,000, na kipimo hicho hurekebishika.

Pasipo FireWire, ziko zile waya tatu za rangi. Ya njano, ambayo ni ya picha, huachwa. Nyekundu na nyeupe hupelekwa kwenye tundu la kompyuta la kuingizia sauti, na programu ya Audacity hurekodi. Ubora hupungua kidogo, lakini kwa mgonjwa ambaye upasuaji wake ni wiki ijayo, kidogo hicho si hoja.

Kazi ngumu zaidi ni ya masikio. Hotuba ya ukumbini imepita katika vipaza sauti na mwangwi, na mara nyingi haifai kutengenezea sauti ya kompyuta, ambayo huhitaji usemi wa mtu mmoja, mkavu, usio na ngoma nyuma yake. Sehemu nzuri hupatikana nyumbani kabla ya sherehe, pale mpiga picha aliposimama karibu na mzee akatoa wosia kwa maharusi. Hata zikipatikana dakika chache tu, si bure. "Marahaba, mwanangu", jina la mke likiitwa, kicheko, dua ya chakula: vipande hivi hukatwa na kuwekwa kwenye simu, mgonjwa akavibonyeza anapovihitaji. Vitumwe kwa WhatsApp kama hati, kwa kuwa vikitumwa kama ujumbe wa sauti hubanwa. Faili la kwanza lisiguswe. Usafishaji wote wa kelele ufanywe kwenye nakala.

Wahudumu wa afya wazingatie kwamba kuondoa picha si kuficha utambulisho. Sauti humtaja mwenyewe, na leo yaweza kuigizwa na matapeli. Taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Ridhaa ya mgonjwa iandikwe, ikitaja nani atashika faili na kwa matumizi gani, na mazungumzo ya watu wengine waliomo kwenye kanda yakatwe.

Swali lenyewe ni jepesi, na mahali pake ni siku ile ile upasuaji unapotajwa: nyumbani, au kwa mpiga picha wa wakati ule, kuna kanda gani? Kazi ikiisha, nakala moja ya sauti ikae kwa mgonjwa na ya pili kwa ndugu anayeishi nyumba nyingine. Kanda irudishwe kwa mwenyewe. Wako watakaotaka kuiona na picha yake.