Motokari Iliyolala Muda Murefu: Namna ya Kuiamsha Bila Kuiua

Katika inchi ya Dilolo mvula inaanza karibu na mwezi wa 10 na kuendelea mupaka mwezi wa 4. Katika miezi ile motokari nyingi ndogo zinalala. Barabara ya Kolwezi, inayopita Kasaji na Mutshatsha, ina urefu wa kilometa zaidi ya 400, na mvula inaigeuza kuwa matope. Mwenyi akili anaacha motokari yake chini ya paa na kungoja. Mwezi wa 5, jua likiisha kukausha njia, anazungusha ufunguo, na moteri haijibu. Pengine inasikika sauti ndogo tu: tik, tik. Hapo watu wanakusanyika, kila mutu na shauri lake: tusukume, tuazime batri ya kamio, tumimine asidi mupya. Tunataka kueleza shauri gani linafaa na gani linaharibu. Kwa mutu wa Lubumbashi, mwenyi garaji kila kona, kosa ni hasara ya siku moja. Kwa kijiji ambako motokari ile moja ndiyo inayobeba wagonjwa na mama wenyi mimba mupaka hospitali, ni neno kubwa kupita hapo.

Kwanza tufahamu batri ni nini. Wengi wanazani kwamba ni sanduku la kuwekea umeme, sawa pipa la mayi. Sivyo. Batri ya motokari, iliyobuniwa na Mufaransa Gaston Planté mwaka 1859, ni mabamba ya risasi yaliyozamishwa ndani ya mayi yenyi asidi ya sulfuriki. Asidi hii watu wa Kolwezi wanaijua sana: ni ileile ambayo viwanda kama kile cha Luilu vinaitumia kuyeyusha shaba katika udongo wa madini. Batri inapotoa umeme, asidi inaacha mayi na kushikamana na risasi. Tunapoijaza, asidi inatoka katika mabamba na kurudi katika mayi. Kwa hiyo batri tupu ina mayi karibu matupu, na batri iliyojaa ina mayi mazito. Mafundi wana kipimo cha kioo cha kupima uzito huo, wanakiita pezasidi: katika batri iliyojaa kinaonyesha karibu 1,27, na katika batri tupu karibu 1,12.

(Siku hizi dunia yote inataja kobalti ya Kolwezi juu ya batri. Ni kweli, lakini ile ni kwa simu na kwa motokari zinazoendeshwa na umeme peke yake. Chini ya kapo ya motokari zetu risasi ndiyo inafanya kazi mupaka leo.)

Sasa, kwa nini batri inakufa, na hakuna mutu aliyeitumia? Iko sababu mbili. Ya kwanza, inajila yenyewe polepole, na joto linaongeza mwendo huo. Ya pili, motokari za siku hizi hazilali kabisa: saa, redio na vyombo vya kuzuia wezi vinakula kidogo usiku na muchana. Tupige hesabu. Vikila sehemu 5 katika mia ya ampere moja, kwa saa 24 ni zaidi kidogo ya ampere-saa 1. Batri ya kawaida ina ampere-saa 60. Katika siku 50 imekwisha, na mvula ya Dilolo inadumu kupita siku 50 mara tatu.

Lakini njaa peke yake si ugonjwa mukubwa. Ugonjwa mukubwa unakuja nyuma yake. Asidi ikikaa katika mabamba majuma mengi bila kurudishwa katika mayi, inafanya chunvi ngumu nyeupe, sawa jiwe, na mabamba yaliyofunikwa hivi hayapokei umeme tena. Kwa hiyo swali la kwanza si «nani ataazima nyuzi?» Swali la kwanza ni: batri hii ina njaa, ao imegeuka jiwe? Chukua kipimo cha volti. Batri nzuri iliyopumzika inaonyesha 12,6 ao 12,7. Ikionyesha 12,0 iko karibu tupu, lakini inaweza kupona. Ikionyesha 8 ao 5, na imekaa hivi miezi mingi, usitumaini sana.

Mbele ya kuleta umeme, tazama motokari yenyewe, maana batri tupu inaficha mambo mengine. Reli ya Benguela iliungana na reli yetu hapa Dilolo mwaka 1931, na vita ya Angola ikaikata mwaka 1975. Ilipotakiwa kuamka, walitengeneza njia kwanza, na mwaka 2018 madini ya Lualaba yakapita tena kwenda Lobito. Na sisi tuanze na njia. Pima mafuta ya moteri na mayi ya radiateri. Tafuta nyuzi zilizotafunwa na panya. Tazama ndani ya chujio la hewa na bomba la moshi, ambamo panya na nyigu wanapenda kujenga. Esanse iliyokaa zaidi ya nusu mwaka inapoteza nguvu na kuacha utomvu: iondoe. Mazutu inavumilia zaidi, lakini mayi yanakusanyika chini ya tangi, yatoe. Freni inaweza kushikamana kwa kutu.

Neno moja hatutaki kulipita mbio. Ndani ya silinda, mafuta yameshuka yote na chuma kiko kikavu. Kama moteri ni ya esanse na imelala mwaka mmoja ao zaidi, ondoa boji zote, mimina kijiko kidogo cha mafuta ya moteri katika kila tundu, na ngoja mupaka kesho. Kisha izungushe kwa mukono, na ufunguo wa chuma juu ya puli ya mbele. Ikikataa kuzunguka, acha, ita fundi. Kulazimisha moteri iliyoshikamana kwa kutu, hapo ndipo wengi wanavunja kitu cha bei kubwa kwa ajili ya kitu cha bei ndogo. Moteri ya mazutu tunaiacha kwa mekanisiye, maana silinda zake zina nafasi ndogo sana, na mafuta mengi ndani yanaweza kuvunja vyuma.

Turudi kwa batri. Dawa yake bora ni kujazwa polepole. Kwa batri ya 60, ampere 6 zinatosha. Kwa ile iliyolala sana, 3 kwa siku nzima ao zaidi ni bora kupita 20 kwa saa mbili. Pasipo umeme, pano ya jua ya wati 50 inatoa karibu ampere 3 wakati wa jua kali, na katika mwezi wa 6 mbingu ya Dilolo iko wazi siku zote. Lakini weka chombo chake cha kuongoza volti katikati. Mayi yakiwa yamepungua, ongeza mayi ya batri peke yake, yale yaliyogeuzwa mvuke na kukusanywa. Usiongeze asidi: asidi haikupotea, imo katika mabamba. Usiongeze mayi ya kisima, yana chunvi za udongo. Na wakati wa kujaza, peleka moto mbali, hata sigara, kwa sababu batri inatoa hewa inayolipuka. Asidi ikiruka katika jicho, osha kwa mayi safi mengi robo saa nzima mbele ya kufanya neno lingine, kisha nenda kwa munganga.

Kama haraka inatulazimisha kuazima nguvu ya motokari ingine, tushike utaratibu. Makamio mengi yana batri mbili zilizofungwa pamoja, volti 24: usiunganishe nguvu hiyo na motokari ya volti 12, utachoma vyombo vyake. Tafuta motokari ya 12. Uzi mwekundu unaanza katika kichwa cha + cha batri iliyokufa, unaishia katika kichwa cha + cha batri nzima. Uzi mweusi unaanza katika kichwa cha – cha batri nzima, lakini mwisho wake haugusi batri iliyokufa: unafungwa juu ya chuma kitupu cha moteri, mbali na batri. Kwa nini? Kwa sababu uzi wa mwisho unaruka cheche, na hatutaki cheche pale hewa inapolipuka. Motokari nzima iwake dakika 10. Kisha jaribu, si zaidi ya sekunde 10 kila mara, na kupumzisha demareri dakika moja ao mbili katikati. Moteri ikiwaka, toa nyuzi kwa kurudi nyuma: ule wa mwisho utoke wa kwanza.

Wengine wanafanya hivi: wanaweka batri ya jirani, wanawasha, kisha wanaifungua na moteri inazunguka, wanarudisha batri iliyokufa. Zamani, wakati wa dinamo, wengi waliponea. Leo alternateri na vyombo vyake vinaweza kuungua mara moja. Usifungue batri wakati moteri inawaka.

Na kusukuma? Motokari ya zamani yenyi dinamo inaweza kuamka hata batri ikiwa tupu kabisa, maana dinamo inabakiza sumaku kidogo na kujianzia umeme. Alternateri inahitaji umeme kidogo kwanza. Hata pompa ya esanse na boji zinauhitaji. Kwa hiyo vijana watasukuma mupaka Angola, na batri ikiwa tupu kabisa moteri haitaitika. Yenyi vitesi otomatiki haisukumwi kabisa.

Ikiisha kuwaka, usiizime nyuma ya dakika tano. Endesha saa nzima ao zaidi, kisha rudisha batri kwa kuijaza polepole, kwa sababu alternateri ilifanywa kwa kulinda batri iliyojaa, si kwa kufufua batri tupu. Ukiona kesho asubuhi imekufa tena, nayo ilijazwa vizuri, imegeuka jiwe, nunua ingine. Mwezi wa 10 ukirudi, ondoa uzi wa – na kuijaza mara moja kila mwezi.

Batri iliyokufa isipasuliwe nyumbani kwa kutafuta risasi ya nyavu. Katika Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar, watoto 18 walikufa kati ya mwezi wa 11 wa mwaka 2007 na mwezi wa 3 wa mwaka 2008, kwa mavumbi ya risasi ya batri zilizovunjwa katika mtaa wao. Iweke nzima, imesimama, mbali na watoto na kuku, mupaka kamio ya kwenda Kolwezi ipatikane. Kule wako wafanya biashara wanaonunua batri za zamani kwa uzito wake.