Lawama Zisiishie Langoni

Mfanyakazi akikutwa langoni na kopo la rangi mfukoni, hesabu yake huwa fupi. Huitwa mwizi, huandikiwa barua, na kabla ya mwezi kwisha yuko nyumbani. Sisi hatumtetei. Mwenye kuiba mali ya kazi, mwenye kuharibu mashine kwa makusudi, na mwenye kujifanya mgonjwa ili akashinde dukani kwake, huwadhulumu wenzake kwanza, maana wao ndio waibebao kazi aliyoiacha. Lakini twauliza: gari la mkubwa lililopita lango lile lile jioni ile, ni nani aliyelipekua?

Swali hili si geni katika nchi yetu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kupokea mishahara miwili, kuwa na hisa katika makampuni na kupangisha nyumba. Wengi waliona kwamba hayo ni mambo ya fedha tu. Miaka minne baadaye, Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ukagusa jambo lililo karibu zaidi na mfanyakazi: ukawakataza viongozi majivuno, dharau na uonevu.

Wafanyakazi waliyapokea maneno hayo kwa mikono miwili. Kati ya mwaka 1971 na 1973 viwanda kadha wa kadha vilisimama, na la kushangaza, kwa wasiojua maisha ya kiwandani, ni kwamba mara nyingi kilichosimamisha kazi hakikuwa mshahara, bali matusi na ubabe wa wakubwa. Katika kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, mwaka 1973 wafanyakazi walifika hata kukishika kiwanda wenyewe. Mambo yakaenda mbali kuliko serikali ilivyotaka, na katika migomo ya miaka ile wako waliopoteza kazi zao.

Hatusemi mameneja wafungiwe nje tena. Tunalosema ni kwamba mtu aliyetukanwa asubuhi mbele ya vijana wake haisahau siku hiyo. Akiwa na mahali pa kusema, atasema. Asipokuwa napo, hasira yake itatokea pengine: boliti haitakazwa sawasawa, mashine italia na hakuna atakayeijali, stoo itapungua kidogo kidogo. Mabaraza ya wafanyakazi yalianzishwa kwa waraka wa Rais wa mwaka 1970, lakini baraza lisiloweza ila kushauri tu, tena mbele ya meneja yule yule, halimpi moyo mtu mnyonge.

Siku hizi ipo Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995, nayo huwataka viongozi watangaze mali zao. Ni vyema. Ila msimamizi wa zamu, ambaye ndiye mkubwa anayeonekana kila siku, hayumo humo.

Zaidi ya hayo, zipo kanuni za kazi za mwaka 2007, ambazo twaona wakubwa wengi huzisoma nusu nusu. Huziona zile sehemu zinazotaja wizi, uharibifu wa makusudi na ukaidi kuwa makosa yanayoweza kumfukuzisha mtu kazi. Hawaioni ile inayouliza kama amri iliyovunjwa ilikuwa ya haki, kama mfanyakazi aliijua, na kama hutumika sawasawa kwa watu wote. Meneja anayefika saa nne hawezi kulijibu swali hilo la mwisho bila kuinamisha kichwa.

Basi twawaomba wajumbe wa mabaraza ya wafanyakazi, katika kikao kijacho, waulizie madaftari mawili: la mahudhurio na la safari za magari. Yasomwe yote mawili mbele ya kikao, kuanzia jina la juu kabisa.