Samaki wa vidonda: ugonjwa unaovuka mpaka ndani ya ndoo

MWISHONI mwa mwaka 2006, wavuvi wa mito Chobe na Zambezi, kule Botswana, Namibia na Zambia zinakopakana, walianza kuvuta nyavu zenye samaki wasio wa kawaida. Wengine walikuwa na madoa mekundu ubavuni, wengine vidonda vilivyochimba hadi ndani ya nyama. Kambale walikuwa miongoni mwa walioumia sana. Mteja akimwona samaki wa namna hiyo mezani haulizi bei, anapita.

Mwaka 2007 vipimo vya maabara vilithibitisha kuwa huo ni ugonjwa wa vidonda vya samaki, na ilikuwa mara ya kwanza kuthibitishwa barani Afrika. Japani waliuona mwaka 1971, Australia mwaka 1972, kisha ukaenea katika nchi nyingi za Asia hadi kufika Pakistan mwaka 1996. Tangu uingie Zambezi haujatulia. Mwaka 2010 ulionekana Okavango, baadaye Afrika Kusini na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na mwaka 2020 Malawi.

Orodha hiyo inamgusa moja kwa moja mfanyabiashara wa Tunduma, Nakonde, Kasumulu au Mpulungu. Malawi inachangia Ziwa Nyasa na Tanzania na Msumbiji. Zambia na Kongo zinachangia Ziwa Tanganyika na Tanzania na Burundi. Samaki hagongewi muhuri mpakani, na maji yaliyombeba hayakaguliwi.

Si fangasi, ingawa anafanana naye

Kinachosababisha ugonjwa huu ni kiumbe kidogo cha majini kiitwacho kisayansi Aphanomyces invadans. Kina nyuzi nyembamba kama ukungu wa mkate, na kwa miaka mingi viumbe wa jamii yake walihesabiwa kuwa fangasi. Leo wanasayansi wamewatenga. Ndugu yao mmoja anajulikana sana na wauzaji wa viazi mviringo: ni yule anayeleta bakajani chelewa, ambaye mwaka 1845 aliharibu viazi vya Ireland na kuanzisha njaa kubwa.

Kiumbe huyu hutoa mbegu ndogo zisizoonekana kwa macho, zenye vijimkia vya kuogelea. Mbegu hutafuta samaki mwenye mchubuko kwenye ngozi, hujishika hapo, na kuotesha nyuzi zinazopenya nyama hadi viungo vya ndani. Maji yakipoa hadi kati ya nyuzi joto 18 na 22, hasa baada ya mvua kubwa, kinga ya samaki hushuka na ugonjwa hupata nafasi. Maji yenye uchachu, kama yanayotiririka kutoka mashamba yaliyofurika, nayo huchubua ngozi na kufungua mlango.

Si samaki wote wanaougua sawasawa. Sato wa Mto Nile huustahimili vizuri, lakini kambale na aina kadhaa za perege wa Zambezi huathirika.

Je, mlaji yuko salama?

Hili ndilo swali la kwanza sokoni, na uvumi ukilijibu kabla ya mtaalamu, soko zima hulala. Ukweli ni kwamba kiumbe huyu wa samaki haambukizi binadamu. Hata hivyo, kidonda kilicho wazi huingiwa na bakteria, na baadhi yao huweza kumdhuru mtu. Kwa hiyo samaki mwenye vidonda asiuzwe, na samaki yeyote apikwe akaiva.

Pengine hofu ya watu inatokana na habari za binamu yake, Pythium insidiosum, ambaye kweli hushambulia watu na wanyama. Huyo anajulikana zaidi Thailand, kwenye mashamba ya mpunga yenye maji yaliyotuama. Huingia kwenye jeraha la farasi au mbwa na kuotesha uvimbe mbaya. Kwa binadamu huweza kuharibu jicho, au kuziba mishipa ya damu ya mguu, hasa kwa wenye ugonjwa wa damu wa kurithi uitwao thalasemia. Dawa nyingi za fangasi hazimwezi, kwa sababu hana kile ambacho dawa hizo hulenga. Mara nyingi wagonjwa huishia kukatwa mguu. Lakini haambukizwi kwa kula samaki.

Kinachobeba na kisichobeba

Shirika la Afya ya Wanyama Duniani limeuweka ugonjwa wa vidonda vya samaki kwenye orodha ya magonjwa ambayo nchi wanachama hulazimika kuyatolea taarifa. Kanuni zake zinatenganisha bidhaa kwa hatari yake. Samaki waliotolewa matumbo wakagandishwa, waliotolewa matumbo wakakaushwa kwa mashine, waliopikwa vizuri na wa makopo hawahesabiwi kuwa wabebaji.

Hatari kubwa iko kwa samaki hai: vifaranga vya kupandikiza bwawani, kambale wanaosafirishwa kwenye madumu, na maji yale waliyomo. Kumwaga maji ya ndoo mtoni baada ya safari ni kupanda mbegu mahali papya. Nyavu na vyombo vilivyotoka eneo lenye ugonjwa vinapaswa kuoshwa na kuanikwa juani hadi vikauke kabisa, kwa kuwa kiumbe huyu hauvumilii ukavu.

Mtoni au ziwani hakuna dawa ya kuutibu, kwani hakuna awezaye kutibu maji yote. Bwawani, mfugaji anaweza kulikausha na kulitia chokaa kabla ya kuanza upya. Kwa hiyo kinga inaanzia kwa anayenunua: aulize vifaranga vimetoka wapi, adai cheti cha afya kutoka kwa ofisa uvuvi, akatae mzigo wenye madoa mekundu na kutoa taarifa siku hiyo hiyo.

Wapo wanaoficha wakiogopa hasara ya mzigo mmoja. Lakini mzigo mmoja wa vifaranga wagonjwa ukimwagwa kwenye bwawa lililo kando ya mto, hasara haitabaki kwa mwenye bwawa. Itamfikia mvuvi wa chini ya mto, muuza samaki wa ng'ambo, na hatimaye yule yule aliyeficha, atakaporudi kununua akute nyavu zimejaa vidonda.