Kutoka Kipalapala hadi pangoni: Kipupwe kinapunguza hatari moja, ya pili inabaki

Kipupwe kikiingia Kipalapala, nje kidogo ya mji wa Tabora, asubuhi ni za jaketi, mvua zimekata na njia ni kavu. Ni msimu mzuri wa kusafiri na washkaji. Ila kama safari yenyewe ni ya kuingia pangoni, soma hapa kwanza.

Kwa nini si Tabora?

Mapango marefu hutokea kwenye mawe ya chokaa. Maji ya mvua yana asidi kidogo, huyala mawe hayo polepole kwa maelfu ya miaka hadi yanaacha njia na kumbi. Tabora imekaa juu ya graniti, ambayo hailiki hivyo.

Maarufu zaidi nchini ni mapango ya Amboni, kilomita kama 8 kutoka Tanga mjini. Kwa reli, Tabora hadi Dar es Salaam pekee ni kilomita 840 hivi, na hapo bado Tanga. Jumamosi na Jumapili hazitoshi. Ombeni na Ijumaa na Jumatatu.

Hatari ya kwanza: maji

Juni 2018 nchini Thailand, watoto 12 na kocha wao waliingia pango la Tham Luang. Mvua ikanyesha nje, maji yakafunga njia nyuma yao. Wa mwisho walitolewa Julai 10, baada ya zaidi ya wiki mbili, na mzamiaji mmoja alikufa kwenye uokoaji.

Kipupwe hupunguza hatari hii, lakini Tanga ni pwani na mvua huweza kunyesha hata Julai. Wingu likitanda, ahirisheni.

Hatari ya pili: popo

Hii haina msimu. Virusi vya Marburg hukaa kwa aina ya popo wala matunda wanaoishi mapangoni. Mwaka 2008, mtalii kutoka Uholanzi alifariki baada ya kuingia pango lenye popo hao magharibi mwa Uganda. Kagera, ugonjwa huo uliua watu 6 mwaka 2023, ukarudi tena Biharamulo Januari 2025.

Si kila pango lina virusi, na popo hawaonyeshi dalili. Ndiyo maana kinga ni muhimu.

Kabla ya kuingia

- Nendeni na mwongozaji wa eneo.
- Kila mtu awe na taa ya kichwani na betri za akiba. Tochi ya simu haitoshi, na ndani usitegemee mtandao.
- Vaa kofia ngumu, buti, mikono mirefu, glavu na barakoa.
- Usishike popo wala kinyesi chake. Nawa kabla ya kula.
- Mwachieni mtu wa nje saa yenu ya kutoka.

Mkisharudi, hesabuni siku 21. Mmoja akipata homa kali, aende hospitali mapema na aseme wazi kuwa aliingia pangoni. Asipolisema, daktari anaweza kudhani ni malaria tu.