Ini Halihimizwi: Safari ya Busaa na Chang'aa Mwilini

Kila Agosti ya mwaka wa shufwa, vijiji vya Bungoma na vile vinavyoizunguka Kitale huamkia njuga na nyimbo za tohara ya Wabukusu. Kwa familia zinazoshika desturi, busaa ni sehemu ya sherehe. Unga wa mahindi huchachushwa, hukaangwa hadi uwe wa kahawia, kisha hutiwa maji na kimea cha wimbi. Siku chache baadaye wazee huketi kukizunguka chungu, kila mmoja na mrija wake mrefu.

Chang'aa ni jambo jingine. Pombe iliyokwisha kuchacha huchemshwa, mvuke wake ukapoozwa na kukusanywa tone kwa tone. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kuhusu pombe za kienyeji za eneo la Eldoret ulipima kileo kilichomo: busaa wastani wa asilimia 4, chang'aa asilimia 34. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua mengi yanayompata mnywaji.

Pombe haisagwi tumboni kama ugali. Sehemu ndogo hupenya kwenye kuta za tumbo, na kubwa zaidi huingia damuni kupitia utumbo mwembamba. Aliyekula kwanza hulewa polepole kwa sababu chakula huizuia pombe isishuke upesi utumboni. Asiyekula huipata yote kwa kishindo.

Kutoka hapo damu huipeleka kwenye ini. Kimeng'enya kimoja hukigeuza kileo kuwa asetaldehaidi, sumu kali kuliko kileo chenyewe. Kingine huigeuza sumu hiyo kuwa asetati, ambayo mwishowe huwa maji na hewa ya kaboni dioksidi. Ni kiasi kidogo tu kinachotoka kikiwa bado kileo, kwa pumzi, jasho na mkojo.

Kwa mtu mzima wa kawaida, kazi hiyo huenda kwa takriban gramu 7 hadi 10 za kileo kwa saa.

Tupige hesabu. Nusu lita ya busaa ya asilimia 4 ina gramu 16 hivi za kileo: ini litahitaji karibu saa 2. Glasi ya robo lita ya chang'aa ya asilimia 34 ina gramu 67. Hizo ni kati ya saa 7 na 10 za kazi. Mwendesha bodaboda aliyeimaliza glasi hiyo saa nne usiku anaweza kuwapakia wanafunzi saa kumi na mbili asubuhi, pombe ikiwa ingali damuni mwake.

Kahawa chungu, supu ya kichwa cha mbuzi na maji baridi haviongezi kasi hata kidogo. Kahawa humfanya mlevi awe macho, lakini anabaki mlevi. Na anayeamka na kunywa tena ili "kutoa loki", yaani kuondoa maumivu ya baada ya ulevi, anayaahirisha tu, huku akiliongezea ini mzigo.

Wanawake huathirika zaidi kwa kiasi kile kile, kwani miili yao kwa kawaida ina maji machache ya kuizimua pombe. Kwenye ubongo, kileo hupunguza kasi ya mawasiliano ya neva: kwanza tahadhari hulegea, kisha ulimi na miguu. Kikizidi sana, hata pumzi hukoma.

Hatari nyingine ni methanoli. Novemba 2000, pombe iliyochanganywa nayo iliua zaidi ya watu 100 jijini Nairobi na kuwapofusha wengine. Vimeng'enya vile vile vya ini huigeuza methanoli kuwa asidi ya fomiki, inayoharibu neva za macho. Kuwasha chang'aa kwa kiberiti hakuthibitishi usalama wake, maana methanoli nayo huwaka. Mnywaji akianza kuona ukungu, akatapika au kupumua kwa shida, hata siku moja baadaye, apelekwe hospitalini mara moja. Dawa ipo, lakini inahitaji kuwahiwa.

Madhara ya miaka mingi huja kimya: mafuta hujaa kwenye ini, makovu yakafuata. Tangu 1988 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka pombe miongoni mwa visababishi vilivyothibitishwa vya saratani, ikiwemo ya umio, maradhi yanayosumbua sana magharibi mwa Kenya.

Anayekunywa kila siku na anataka kuacha asikatize ghafla akiwa peke yake, kwani anaweza kutetemeka, kuchanganyikiwa, hata kupata degedege. Amwone daktari kwanza katika hospitali ya rufaa ya kaunti, Kitale au Bungoma, au apige 1192, nambari ya bure ya NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya.