Sura ya 5: Pale Nguvu Yako Inapofika

Penye nia pana njia, tuliambiwa tangu shule ya msingi. Hapa Walikale, mashariki mwa Kongo, nia zimekuwapo siku zote. Njia ndiyo iliyokosekana. Kasiterite, yale mawe mazito yanayotoa bati, ilipoanza kuchimbwa Bisie, huku huku Walikale, mwaka 2002, maelfu ya vijana waliingia msituni. Walishuka mashimoni na tochi kichwani, wakapasua mwamba kwa nyundo, na wapagazi wakabeba magunia ya kilo 50 mgongoni, wakikanyaga matope msitu mzima mpaka kuifikia barabara ya magari. Bidii ya namna hiyo wanaoiweza ni wachache. Hata hivyo, kwa miaka mingi mgodi ulikuwa chini ya wenye bunduki, kila kizuizi na ushuru wake, na wengi walitoka Bisie hawana kitu.

Nimeanza na Bisie kwa sababu wako wanaofundisha kwamba mtu huvuna anachokiwaza. Mwaka 1960 Wamarekani Napoleon Hill na W. Clement Stone walitoa kitabu kizima juu ya mtazamo chanya wa akili kuwa ndio chanzo cha mafanikio, na tangu hapo fundisho hilo limezunguka dunia, likaingia kwenye semina na kwenye mimbari. Lina ukweli ndani yake, na ukweli huo nitautetea. Lakini ukilibeba jinsi lilivyo hadi kwa jirani zetu wa Masisi, kwa mama aliyekimbia milio ya risasi na watoto mgongoni, linageuka tusi, kana kwamba shamba lake limepotea kwa sababu aliwaza vibaya.

Basi tuulize hivi: mambo makubwa yasipokuwa mikononi mwa mtu, akili yake na bidii yake zinabadilisha nini?

Mwaka 1967 wanasaikolojia Martin Seligman na Steven Maier, wakiwa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, waliandika juu ya mbwa waliopigwa shoti za umeme wasizoweza kuzizuia. Baadaye mbwa hao waliwekwa mahali ambapo kuruka kizuizi kifupi kungetosha kuwaokoa, na wengi hawakuruka. Walilala wakavumilia. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba walikuwa wamejifunza kukata tamaa. Mwaka 2016 watu hao hao wawili waliyarudia maelezo yao baada ya utafiti mrefu wa ubongo, wakayageuza: kulala na kuvumilia ndilo jibu la kwanza la mwili baada ya mateso marefu, wala halihitaji kufundishwa. Linalofundishwa ni jambo jingine, nalo ni kwamba ninachokifanya kinaweza kubadilisha kitu. Ubongo hulijifunza hilo kwa kulifanya na kuliona likitokea, hata likiwa dogo.

Kwangu mimi hayo ni maelezo yenye heshima. Mtu aliyekimbia vita akakaa kambini bila kunyanyua mkono si mvivu wala hana laana. Mwili wake umefanya kile ambacho miili hufanya. Na kinachoweza kumwinua kinajulikana.

Mashariki mwa Kongo kimejaribiwa, tena kwenye jeraha baya kuliko yote. Msomaji wa Walikale hahitaji kukumbushwa Luvungi na vijiji jirani, ambako kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010 watu wasiopungua 387 walibakwa, kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa. Mwaka 2013 jarida la tiba la New England lilichapisha utafiti ulioongozwa na Judith Bass wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, uliofanywa na wanawake 405 wa vijiji 15 vya mashariki mwa Kongo waliopitia ukatili wa aina hiyo. Katika baadhi ya vijiji wanawake walipata msaada wa mtu mmoja mmoja, wa kusikilizwa na kutiwa moyo. Katika vijiji vingine walikutana kwa vikundi vya watu sita hadi wanane na kufundishwa jambo mahsusi: kulikamata wazo linalomtesa mtu na kulihoji.

Chukua wazo hili: mimi ndiye niliyejiletea, kwa nini nilienda shambani siku ile? Kikundi kinaliweka mbele na kuuliza. Nani hapa haendi shambani? Watoto wangekula nini? Aliyeshika bunduki alikuwa nani? Taratibu wazo linasogea: nilienda shambani kwa sababu nina watoto, kosa ni la aliyenishambulia. Wengi wa wanawake hao hawakujua kusoma, kwa hiyo mazoezi yote yaliwekwa katika namna ya kukumbukwa kichwani, na kila mmoja alirudi nyumbani na kazi ya kufanya hadi kikao kinachofuata.

Miezi sita baada ya kumaliza, asilimia 9 ya wanawake wa vikundi walikuwa bado na dalili za huzuni kubwa au wasiwasi mkubwa. Kwa waliosikilizwa mmoja mmoja, walikuwa asilimia 42. Na vita havikuwa vimekwisha katika eneo hilo.

Huo ndio mtazamo chanya ninaoutetea. Wale kina mama hawakufundishwa kujiambia kwamba mambo ni mazuri. Walifundishwa kutenganisha lililo kweli na lile ambalo ukatili uliwapandia, na kichwa kilichopunguziwa mzigo huo kikapata nafasi ya kupanga kesho. Gabriele Oettingen, mwanasaikolojia Mjerumani, ameonyesha upande wa pili: mtu anayekaa akijichorea ushindi wake akilini hujiona ameshafika, na bidii yake hupungua. Ndoto inasaidia ikifuatwa mara moja na swali gumu: kizuizi ni kipi, na kikitokea nitafanya nini?

Milima ya Masisi ina jibu la zamani la swali hilo, nalo ni jibini. Kuanzia hapo hadi soko la Goma ni kilomita zipatazo 80 za barabara ambayo mvua huigeuza tope, na maziwa mabichi hayasubiri. Mfugaji hana uwezo wa kutengeneza barabara. Ana uwezo juu ya maziwa. Wamisionari kutoka Ulaya walileta ufundi huo na wenyeji wakaufanya wa kwao: maziwa yanapashwa moto, yanatiwa kigandishi, yanakatwakatwa, maji yake yanachujwa, kisha yanakandamizwa na kutiwa chumvi, na miduara inapangwa juu ya mbao ikigeuzwa mara kwa mara hadi ipate ganda. Ikishakomaa inasafiri bila jokofu. Vita vya miaka ya 1990 viliteketeza sehemu kubwa ya ng'ombe wa Masisi. Waliobaki na ufundi walianza tena na ng'ombe wachache.

Wasio na ng'ombe wana AVEC, kikundi cha kuweka na kukopeshana. Mtindo huu ulianzia Niger mwaka 1991, na sasa umeenea Kivu nzima. Watu 15 hadi 30 wanaojuana hukutana, kila mmoja ananunua hisa moja hadi tano, na kitabu chake kinapigwa muhuri. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo zinashikwa na watu watatu ambao si yule anayelitunza sanduku. Anayetaka mtaji wa kuuza mafuta ya mawese au makaa anakopa mbele ya wote, na mwisho wa mwaka fedha zinagawanywa pamoja na faida. Tazama sanduku hilo linafanya nini akilini mwa mtu: kila kikao anaona kwa macho yake kwamba alichokifanya kimeleta kitu. Ni lile somo la Seligman na Maier.

Vita vikifika, sanduku linaweza kuporwa usiku mmoja. Tarehe 30 Aprili 2024 waasi wa M23 waliteka Rubaya, mji wa madini ya koltani ulioko Masisi. Mwezi Machi 2025 wakafika Walikale mjini. Bidii ya mtu haizuii hilo, na anayemlaumu aliyeanza upya kwa sababu bado ni maskini hajui anachosema. Amani ni wajibu wa wenye mamlaka na wenye silaha, na wadaiwe wao.

Liko linalowezekana bila kungoja mikataba. Waliowaongoza wale kina mama wa utafiti wa Bass hawakuwa madaktari wala wenye shahada. Walikuwa Wakongomani wenye angalau miaka minne ya masomo baada ya shule ya msingi, waliofundishwa kazi hiyo na kusimamiwa vizuri. Masisi na Walikale zina wasichana na wavulana wa kiwango hicho. Makanisa, vituo vya afya na mashirika yanayosoma kurasa hizi, wafundisheni, na muwalipe.