Mitandao ya kijamii: Ni nani mhariri wa habari za Chechelesi?

Mifugo ikiibwa usiku pembezoni mwa mji wa Isiolo, wakazi wa mtaa wa Chechelesi hawasubiri gazeti la kesho wala taarifa ya habari ya jioni ili kujua kilichotokea. Kabla ya jua kuchomoza, huwa wamekwisha kupokea kwenye simu zao picha, sauti zilizorekodiwa na hata majina ya washukiwa. Baadhi ya hayo ni kweli tupu. Mengine ni picha za mwaka mwingine, zilizopigwa katika kaunti nyingine na kupachikwa maelezo mapya na mtu ambaye huenda hajawahi kukanyaga Isiolo. Kweli na uongo huingia kwa sura moja, katika simu ile ile, na mara nyingi kutoka kwa jamaa yule yule anayeaminika.

Hiki ndicho kiini cha mabadiliko ambayo mitandao ya kijamii imeleta katika maudhui ya intaneti. Zamani tovuti ilifanana na ubao wa matangazo: mwenye tovuti aliandika, msomaji akasoma akaenda zake. Mambo yalianza kugeuka katikati ya muongo wa kwanza wa karne hii. Facebook ilianzishwa 2004, YouTube 2005, Twitter (iliyobadilishwa jina kuwa X mnamo 2023) ilifuata 2006, na WhatsApp ikaingia 2009. Mwaka huo huo wa 2009 nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa, na intaneti ambayo awali ilitegemea setilaiti kwa gharama kubwa ikaanza kuwa jambo la kawaida nchini. Tangu hapo mwenye tovuti hutoa ukumbi tu. Maandishi, picha na ubishi huletwa na wageni.

Hata hivyo, itakuwa kosa kudhani kwamba mchango wa msomaji ni uvumbuzi wa Marekani. Magazeti ya Kiswahili yaliujua kitambo. Katika kurasa za Mambo Leo, jarida lililoanza kuchapishwa Dar es Salaam mwaka 1923, washairi wa pwani na bara walijibizana toleo baada ya toleo. Barua kwa mhariri zilibeba malalamiko ya barabara, shule na machifu. Redioni, kadi za salamu ziliwapatia umaarufu watu ambao hawakuwa na cheo chochote, waliojulikana nchi nzima kwa lakabu zao tu.

Tofauti ni moja, nayo ni kubwa. Hakuna shairi, barua wala salamu iliyomfikia msomaji au msikilizaji kabla ya kupita mezani kwa mtu mwenye jukumu la kuikagua na kuijibia. Leo maudhui huchapishwa kwanza, ukaguzi ukaja baadaye, iwapo utakuja. Aidha, anayeamua habari ipi ikae juu si mhariri tena, bali ni programu ya kompyuta iliyopangwa kukisia kitakachomfanya mtumiaji abaki mtandaoni, kwa kuwa kampuni hizi huishi kwa matangazo. Hasira na hofu humshika mtu kuliko maelezo ya utulivu, na programu haina haja ya kujua kwa nini.

Wapo wanaodai kwamba meza ya mhariri iliwanyima wengi nafasi, na madai hayo yana haki ndani yake. Isiolo ni kaunti yenye eneo la zaidi ya kilomita mraba 25,000 na wakazi 268,002 kwa mujibu wa sensa ya 2019, lakini kwa miaka mingi ilitajwa katika vyombo vya kitaifa hasa palipomwagika damu au mvua ilipokosekana. Mwandishi mmoja hawezi kuwa Merti, Garbatulla na Chechelesi kwa siku moja. Mkazi mwenye simu yupo pale tayari. Zaidi ya hayo, anajua mambo ambayo mhariri wa Nairobi hayajui: akionyeshwa picha ya ng'ombe wanaosemekana kuibwa, ataitambua alama iliyochomwa ubavuni na kusema ni wa nani, akitazama kilima kilicho nyuma ya picha, atasema papo hapo kwamba si cha Isiolo.

Thamani ya ujuzi wa aina hiyo ilidhihirika nchini mwishoni mwa 2007. Desemba 30, matokeo ya uchaguzi wa urais yalipotangazwa na ghasia kuzuka, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya habari. Katika mwanya huo, wanablogu na wataalamu wa kompyuta, miongoni mwao Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia, waliunda kwa siku chache tu tovuti ya Ushahidi, iliyoanza kazi Januari 2008. Mtu yeyote aliweza kutuma ripoti kwa arafa au kupitia tovuti yenyewe akieleza alichokiona na mahali alipokionea. Ripoti hiyo iliwekwa kwenye ramani.

Kinachosahauliwa mara nyingi katika kusimulia kisa hicho ni kazi iliyofanywa kati ya arafa na ramani. Watu wa kujitolea walizisoma ripoti, wakazilinganisha na habari za vyombo vingine na za mashirika yaliyokuwa nyanjani, kisha wakaonyesha ipi imethibitishwa na ipi bado. Mhariri hakuondolewa, aligawanywa miongoni mwa watu wengi. Programu hiyo ilitumika baadaye katika nchi nyingi, ikiwemo Haiti baada ya tetemeko la Januari 2010. Kobia aliionja pia shubiri ya upande wa pili. Yeye ndiye aliyekuwa akiendesha Mashada, jukwaa la mijadala la Wakenya, ambalo alilazimika kulifunga Januari hiyo hiyo ya 2008 kwa sababu matusi na uchochezi wa kikabila ulikuwa umemshinda kudhibiti. Mwezi mmoja, nchi moja, wachangiaji wale wale: palipokuwa na utaratibu wa ukaguzi pakapatikana kumbukumbu ya taifa, na palipokosa nguvu za kukagua pakawaka moto.

Kwa Isiolo, moto huo si fumbo. Waborana, Waturkana, Wasamburu, Wameru na Wasomali huishi hapo wakitegemea malisho, maji na masoko yale yale, na mapigano ya mwishoni mwa 2011 na mwanzoni mwa 2012 yaliwafukuza maelfu makwao. Mahali kama hapo, uvumi kwamba "wanakuja usiku huu" unatosha kuwafanya vijana watangulie kushambulia. Zamani uvumi huo ulitembea kwa miguu, na mzee wa busara aliweza kuukuta njiani. Siku hizi hufika mitaa yote kwa dakika moja.

Jirani ya Isiolo upande wa kusini-mashariki, katika Kaunti ya Tana River, jawabu moja lilijaribiwa. Baada ya mapigano ya Waorma na Wapokomo ya 2012 na 2013, yaliyoua zaidi ya watu 100 katika eneo la Tana Delta, shirika la Sentinel Project la Canada lilianzisha huduma iliyopewa jina la Kiswahili, Una Hakika. Aliyesikia uvumi aliutuma kwa arafa au kupiga simu. Wahudumu waliwauliza wazee, maafisa wa usalama na wawakilishi wao vijijini, kisha wakawarudishia wakazi jibu: ni kweli, si kweli, au bado haijulikani. Jibu la tatu pengine ndilo lililokuwa na faida kubwa kuliko yote, maana lilimpa mtu sababu ya kungoja.

Mitandao mikubwa haikujengwa kwa subira ya namna hiyo. Mnamo Januari 2019, baada ya watu kuuawa nchini India kutokana na uvumi ulioenezwa kwa WhatsApp, kampuni hiyo ilipunguza idadi ya mazungumzo ambayo ujumbe unaweza kusambaziwa kwa mara moja hadi matano kote duniani. Kasi ilipungua, lakini ujumbe wa WhatsApp umefungwa kwa namna ambayo hata kampuni yenyewe haiusomi. Sauti iliyorekodiwa kwa Kiborana na kupelekwa katika kundi la ukoo au la wafugaji haina mkaguzi ila wapokeaji wake.

Facebook, ambayo maudhui yake hukaguliwa, ina tatizo jingine: lugha. Kwa miaka kadhaa kituo cha kukagua maudhui ya eneo hili kilikuwa Nairobi, chini ya kampuni ya Sama, ambayo mnamo Januari 2023 ilitangaza kuacha kazi hiyo. Mmoja wa wakaguzi wa zamani, Daniel Motaung, alikuwa amekwenda mahakamani mwaka uliotangulia akilalamikia masharti ya kazi na madhara ya kutazama ukatili kila siku, na wenzake zaidi ya 180 wakafungua kesi yao 2023. Ndio hao hao, vijana waliolipwa ujira mdogo, waliokuwa wamekalia kiti cha mhariri kwa mamilioni ya watumiaji. Januari 2025 Meta, kampuni inayomiliki Facebook na WhatsApp, ilitangaza kwamba nchini Marekani ingeachana na wakaguzi wa ukweli kutoka nje na kuwaachia watumiaji wenyewe kuandika maelezo ya kusahihisha. Utaratibu huo unategemea wachangiaji wengi wanaoielewa lugha inayohusika na wasio wa upande mmoja. Katika mji wenye makundi yaliyowahi kupigana, sharti la pili ni gumu kulitimiza.

Serikali nazo zina tiba yao, na mara nyingi ni kali kuliko ugonjwa. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilifuta mnamo Aprili 2016 kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano, kilichokuwa kikitumiwa kuwakamata wanablogu kwa "matumizi mabaya" ya mtambo wa mawasiliano, kwa kuwa maneno yake yalikuwa mapana mno. Tanzania ilitunga kanuni za maudhui ya mtandaoni mwaka 2018 zilizowataka hata wenye blogu kupata leseni ya kulipia, na JamiiForums ikasitisha huduma zake kwa muda Juni mwaka huo. Kanuni za aina hii humfikia upesi mwenye jina na anwani. Anayezua uvumi wa mifugo usiku hana leseni ya kunyang'anywa.

Ndiyo maana kesi iliyo mbele ya Mahakama Kuu jijini Nairobi ina uzito kwa mtu wa Chechelesi, ingawa mlalamishi ni Mwethiopia. Profesa Meareg Amare, mhadhiri wa kemia wa Chuo Kikuu cha Bahir Dar, aliuawa kwa risasi nje ya nyumba yake Novemba 2021, baada ya jina na picha yake kusambazwa katika Facebook pamoja na tuhuma na vitisho. Mwanawe, Abrham Meareg, asema aliiarifu kampuni hiyo kuhusu maandishi hayo kabla ya kifo cha babake bila kupata msaada. Yeye, Fisseha Tekle na Taasisi ya Katiba walifungua kesi Desemba 2022, wakitaka Meta ilazimishwe kubadilisha programu inayotanguliza maudhui ya chuki, kuanzisha hazina ya fidia kwa waathiriwa, na kuajiri wakaguzi wa kutosha kwa lugha za eneo hili. Meta ilipinga, ikisema mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake. Aprili 3, 2025, mahakama iliamua kwamba inayo mamlaka ya kuisikiliza.